Lumbesa ya Kwenye Skrini

Mkulima wa vitunguu wa Singida anaijua lumbesa bila kufundishwa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linashonewa nyavu juu, linaongezwa kilemba cha vitunguu, kisha linalipiwa bei ya gunia moja. Mkulima ameridhia, fedha kapokea, hakuna aliyemlazimisha. Hata hivyo sheria yetu ya vipimo haikuishia kwenye kuridhia kwake. Ilitaka mazao yapimwe kwa mizani na kifungashio kisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ukapewa kazi ya kuwafuatilia wanaokiuka. Nchi ilitambua kwamba mtu anaweza kukubali biashara na bado akawa amedhulumiwa, kwa kuwa kipimo chenyewe kimeundwa kumpunja.

Kazi yangu ni kubuni kurasa na menyu za simu, na msimamo wangu ni huu: skrini nayo ni kipimo. Mpangilio wa maneno, ukubwa wa kitufe, idadi ya hatua za kuingia na za kutoka, vyote huamua nani atafaidika na muamala na nani ataumia. Mbunifu anayeficha gharama nyuma ya kiungo, au anayefanya kujiunga kuwe kwepesi na kujitoa kuwe kugumu, anafunga lumbesa. Hilo ni jambo la haki, na linapaswa kusimamiwa kama tunavyosimamia mizani ya sokoni.

Tuanze na mtu tunayembunia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 mkoani Singida, na kwa walio wengi intaneti maana yake ni simu, basi. Wapo wenye kitochi, ambao huduma zao zote ziko kwenye menyu za nyota na reli. Wapo wenye simu janja ya bei nafuu, kioo kimepasuka pembeni, nafasi imejaa picha za WhatsApp, bando ni la siku moja na likiisha limeisha. Simu inachajiwa kwa sola ya jirani au kwa kulipia dukani. Si ajabu simu moja kutumiwa na baba, mama na mtoto wa sekondari. Inatumiwa juani, kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika jembe, mtoto au usukani wa baiskeli. Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Mtandao unazidi kusogea vijijini. Swali langu ni nini kitakachopita juu ya minara hiyo.

Menyu za nyota na reli ndizo zinazowafikia watu wengi kuliko tovuti yoyote. Ujumbe mmoja wa menyu hiyo hauzidi herufi 182, nafasi na alama zikiwamo, na mtumiaji akichelewa kidogo kujibu, menyu inajifunga, anaanza upya. Ndani ya herufi hizo chache mbunifu analazimika kuchagua kipi kiandikwe na kipi kiachwe. Hapo ndipo tabia ya mwenye huduma inapoonekana. Mara nyingi kinachoandikwa ni kiasi utakachopata na namba ya kubonyeza ili ukubali. Kinachoachwa ni jumla utakayorudisha, tarehe, na kitakachotokea ukichelewa. Mambo hayo yanapelekwa kwenye tovuti, na mwisho wa ujumbe panawekwa anwani ya kufungua pamoja na maneno yaliyozoeleka: vigezo na masharti kuzingatiwa. Mwenye kitochi hawezi kufungua anwani hiyo. Kisheria ameelezwa, kiuhalisia hajaambiwa kitu.

Chukua mfano wa hesabu. Mtu anakopa shilingi 50,000 kwa siku 14. Ada ya 7,500 inakatwa mwanzoni, anapokea 42,500, anarudisha 50,000. Skrini ikimwonyesha neno "ada 15%" ataona ni kiasi kidogo. Lakini ada hiyo ni karibu asilimia 18 ya fedha aliyoishika mkononi, kwa wiki mbili tu. Akilazimika kukopa tena kila anapomaliza kulipa, mwaka ukiisha atakuwa ametoa 195,000 kwa kuzungusha 42,500 ileile. Sasa mweke mkopaji huyu Iramba au Ikungi, mahali alizeti inapandwa na mvua za Desemba na Januari, na fedha inaonekana baada ya mavuno ya katikati ya mwaka. Mkopo wa siku 14 haulingani na msimu wake hata kidogo. Hauwezi kulipwa na shamba. Utalipwa kwa kuuza kuku, au kwa mkopo mwingine. Wananchi wameipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu, na jina hilo lilitokana na maumivu.

Kwenye simu janja mtego una sura nyingine. Tangu toleo la 6 la Android, lililotoka mwaka 2015, aplikesheni inatakiwa kuomba ruhusa moja moja kabla ya kugusa majina ya watu wako, picha, kamera au mahali ulipo. Kinga hiyo ni nzuri, lakini waliobuni aplikesheni za mikopo waligundua namna ya kuizunguka bila kuvunja kitu: ukikataa, huduma haiendelei. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani atabonyeza "Ruhusu" kila inapotokea. Siku akichelewa kulipa, shemeji, mchungaji na mwajiri wake wanaanza kupokea ujumbe kwamba fulani ni tapeli. Nchini Kenya, mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni iliyokuwa ikiendesha aplikesheni za mikopo KeCredit na Faircash, faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kutumia taarifa za watu kuwatishia. Mwaka huohuo Google ilizizuia aplikesheni za mikopo binafsi katika duka lake kufikia majina na picha za mtumiaji. Hapa kwetu, Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo ikaorodhesha majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Mtego wa tatu ni mlango mpana wa kuingia na tundu la sindano la kutokea. Kujiunga na huduma ya dondoo, nyimbo au bahati nasibu ni kubonyeza 1, pengine bila kukusudia, kwa ujumbe uliokurukia ukiwa unafanya jambo jingine. Kujitoa kunahitaji neno maalumu, kwenye namba maalumu iliyotajwa kwenye ujumbe wa kwanza, ambao ulishafutika. Salio linakatwa kila siku, kidogo kidogo, na mwenye simu anabaki kulalamika kwamba mtandao unamla. Uingereza, mbunifu Harry Brignull alianza mwaka 2010 kukusanya na kuzitaja hadharani hila za aina hii, ili wabunifu wenzake wazionee aibu. Leo zimefika mahakamani. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi iliyofunguliwa na Tume ya Biashara ya Marekani, ikituhumiwa kuwaingiza watu kwenye uanachama wa Prime bila ridhaa ya kweli na kuwawekea vikwazo vya kujitoa. India nayo, Novemba 2023, ilitoa mwongozo unaotaja hila 13 zilizokatazwa, moja baada ya nyingine.

Nataja pia dhuluma isiyo na nia mbaya, kwa sababu nayo inaumiza. Ukurasa wa wastani wa tovuti duniani, ukifunguliwa kwenye simu, sasa unazidi MB 2. Mbunifu aliyekaa Dar es Salaam kwenye intaneti ya waya hauhisi uzito huo. Mwenye bando la siku huko Nduguti anaulipia kwa fedha yake. Ofisi za umma zinaongeza mzigo zinapobandika tangazo kama PDF iliyopigwa picha kutoka kwenye karatasi. Majina ya waliochaguliwa kujiunga na shule, au walioitwa kwenye usaili, yanakuwa faili kubwa lisilotafutika, na mzazi anaishia kulipa steshenari wamfungulie na kumchapishia ukurasa mmoja. Maandishi yaleyale yangewekwa kama maandishi ya kawaida, yangefunguka ndani ya sekunde chache kwa gharama ndogo mno.

Nakutana mara kwa mara na hoja nne za kutetea hali hii, na zote nazikataa.

Ya kwanza ni kwamba mtumiaji alikubali mwenyewe. Kukubali kuna sharti la kujua. Mtu aliyeonyeshwa atakachopata na kufichwa atakachotoa hajaukubali mkataba, amekubali nusu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imejengwa juu ya msingi kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na kwa kadiri ya lengo hilo. Sioni lengo halali linaloweza kumfanya mkopeshaji wa 50,000 ahitaji namba ya simu ya mama mkwe wa mkopaji.

Ya pili ni kwamba wananchi wa vijijini hawana elimu ya kidijitali, hivyo waelimishwe. Elimu ni njema, lakini hoja hii mara nyingi hutumika kumhamishia mtumiaji kosa la mbunifu. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, watu ambao hawajawahi kuingia benki walijifunza kutuma na kutoa fedha bila semina. Walijifunza kwa sababu hatua zilikuwa chache na matokeo yalionekana papo hapo. Kontroo namba ya malipo ya Serikali, iliyokuja na mfumo wa GePG mwaka 2017, inaeleweka hadi kwenye vijiwe vya bodaboda: unapewa namba, unalipa kwa mtandao wowote, hata kwa kitochi. Watu walewale tunaosema hawaelewi, wanaelewa kilichopangwa vizuri. Wakikwama kwa wingi mahali pamoja, kasoro iko mahali hapo.

Kukwama huko kuna bei kubwa kuliko tunavyodhani. Bibi anayeshindwa kupita menyu yenye ngazi sita anampa mjukuu au wakala namba yake ya siri, na tangu hapo akiba yake inalindwa na uaminifu wa mtu mwingine. Menyu ngumu imezaa shimo la kiusalama, ilhali mabango yanaendelea kumwonya asimtajie mtu namba hiyo. Hata kinga nzuri huzeeka. Kuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha ni moja ya hatua bora zilizowahi kuwekwa kwenye miamala yetu. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walipoiona wakaigeuza: siku hizi wanakutajia mapema jina litakalotokea, ili likitokea uamini. Mbunifu mwenye dhamana anarudi kwenye skrini hiyo kila mwaka na kuuliza kama bado inalinda, au imeshakuwa silaha mkononi mwa mwizi.

Hoja ya tatu inasema uwazi utaua biashara. Biashara inayokufa mteja akijua bei ilikuwa inaishi kwa kificho. Zipo huduma nyingi ambazo mteja angezilipia kwa moyo mkunjufu, kwa sababu zinamwokolea nauli ya kwenda mjini na siku nzima ya kazi. Mwenye huduma ya namna hiyo hana cha kuogopa akitaja makato kabla ya namba ya siri. Anayeharibiwa na hali ilivyo sasa ni yeye, kwa sababu mteja aliyekatwa bila kuelewa mara mbili au tatu anaacha kuamini kila ujumbe, hata wa hospitali, hata wa mbolea ya ruzuku.

Ya nne ni ya kusubiri: simu janja zitafika kwa kila mtu, matatizo haya yataisha. Hayataisha. Kioo kikubwa kinampa mdanganyifu rangi, saa inayohesabu kurudi nyuma, kitufe cha "Ndiyo" kinachong'aa na "Hapana" iliyofifishwa kwa kijivu. Na kwenye jua la Singida la saa saba mchana, kijivu hakisomeki.

Tufanye nini? Naanza na sisi wabunifu, maana mkono wetu ndio unaochora. Kwanza, gharama yote, kwa shilingi, ionekane kwenye skrini ileile inayoomba namba ya siri: unapokea kiasi gani, unarudisha kiasi gani, lini, ukichelewa unaongezewa nini. Herufi 182 zinatosha. "Unapokea 42,500. Unarudisha 50,000 tarehe 14 Juni. Ukichelewa, 500 kwa siku. 1 Kubali, 2 Acha" ni chini ya herufi 100. Pili, hatua za kutoka zisizidi za kuingia, na neno la kujitoa lirudiwe katika kila ujumbe unaotoza. Tatu, "Hapana" iwe na ukubwa na rangi sawa na "Ndiyo". Vitufe viwe na upana wa milimita 9 hivi, kama Android inavyoshauri, na maandishi yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, kama viwango vya W3C, shirika la viwango vya wavuti, vinavyotaka, ili mwenye kidole kigumu na mwenye macho yaliyochoka watumie bila kuomba msaada. Nne, usiombe ruhusa usiyoihitaji, na anayekataa aendelee kuhudumiwa. Tano, uwekee ukurasa wako kikomo cha uzito. Changu ni nusu ya MB, na kila picha inayozidi hapo inabidi ijieleze kwa nini ipo.

Jambo la sita nalitilia mkazo zaidi: jaribu kazi yako mahali itakapotumika. Usiishie kwenye kioo kipana cha ofisini. Nenda soko la vitunguu la Misuna au mnada wowote, mpe simu ya bei nafuu mtu asiyekujua, mwombe akamilishe muamala wa majaribio mwanzo hadi mwisho, nawe ukae kimya. Mahali atakapokugeukia kukuuliza ndipo pa kurekebisha. Na tuwape kazi vijana wa hapa. Wapo wanaotengeneza mabango, wanaohariri video na hata kujenga kurasa za biashara kwa simu tu, kwa bando la kuhesabu. Kijana huyo anajua bila kuambiwa ukurasa mzito unauma wapi. Tawi la Singida la Taasisi ya Uhasibu Tanzania na chuo cha VETA vinaweza kuliingiza somo hili kwenye mafunzo yao bila maabara ya gharama. Maabara ni simu ambayo mwanafunzi tayari anayo mfukoni.

Halmashauri zetu zina kazi nyepesi kuliko wote: tangazo liandikwe kama maandishi, jina litafutike, na PDF ibaki kuwa nyongeza kwa anayetaka kuchapisha. Hilo halihitaji bajeti mpya, linahitaji agizo la mkurugenzi.

Wadhibiti ndio wenye kazi nzito. Benki Kuu inatoa leseni kwa wakopeshaji, TCRA inasimamia mawasiliano, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024, inasimamia faragha, na Tume ya Ushindani inawalinda walaji dhidi ya upotoshaji. Mamlaka zipo. Kinachokosekana ni mazoea ya kukagua skrini. Mwombaji wa leseni anawasilisha katiba ya kampuni, mtaji na sera za ndani, na zote zinaweza kuwa safi huku menyu yenyewe ikipunja. Napendekeza kila huduma inayotoza au kukopesha kwa simu iwasilishe pia mfululizo kamili wa skrini zake, kuanzia ya kwanza hadi ya kujitoa, na mabadiliko yoyote ya baadaye yatolewe taarifa. Orodha ya hila zilizokatazwa iandikwe kwa Kiswahili chepesi, kwa mifano, kama walivyofanya India kwa mazingira yao, ili mwananchi wa Shelui aweze kunyoosha kidole na kusema hii hapa.

Msomaji naye ana nguvu yake. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upeleke 15040. Ukiona umekatwa bila kuelewa, dai maelezo kwa mtoa huduma na utunze ujumbe wote. Malalamiko yenye ushahidi wa skrini yana uzito ambao kunung'unika kijiweni hakuna.

Ningependa kuanza na jaribio moja lisilo na gharama. Kabla huduma yoyote ya fedha haijapewa leseni au kuongezewa muda, mkaguzi achukue kitochi, akope kiasi kidogo, aulizwe jumla atakayorudisha bila kuangalia karatasi, kisha ajitoe. Akishindwa kutaja kiasi hicho, au akishindwa kujitoa kwa hatua zilezile alizoingilia, leseni isubiri mpaka skrini zirekebishwe. Kama mtaalamu mwenye shahada hawezi kupita hapo, hatuna haki ya kumpitisha mkulima.